Digrii ya pili ili awe afisa wa jeshi: kisa cha kijana wa Mbagala

Mwezi Julai 2025, dirisha la udahili wa vyuo likiwa limeshafunguliwa, familia moja ya Mbagala Rangi Tatu ilinijia na mpango uliokwisha iva. Kijana wao, mwenye shahada ya uhasibu aliyoipata 2022, alitaka kurudi chuo kuanza mwaka wa kwanza wa uhandisi wa mitambo. Si kwamba anapenda mitambo. Anataka kuwa afisa wa Jeshi la Wananchi wa Tanzania, na kila aliyemuuliza amemwambia jeshi siku hizi linataka wahandisi na madaktari, wahasibu wamejaa. Basi achukue shahada ya pili, avae nyota ya afisa. Mama alishaanza kuitafuta ada kwenye kikoba.

Kazi yangu ni kukaa na vijana waliomaliza vyuo hapa Dar na kupanga nao hatua inayofuata. Kisa hiki nakiandika kwa kirefu, kwa ruhusa ya kijana na mama yake, nikiwa nimeondoa mambo ya kuwatambulisha. Swali lao nalisikia sana sasa hivi, na majibu yanayozunguka mtaani yanawapotezea vijana miaka. Kwenye suala la jeshi, miaka ndiyo mtaji wenyewe.

Nianze na kijana. Kidato cha tano na sita alisoma ECA, yaani uchumi, biashara na uhasibu, akamaliza 2019, akaenda Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) kwa mujibu wa sheria katika kambi ya Ruvu, kisha chuo miaka mitatu kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo. Tangu amalize anatunza hesabu za duka moja la jumla Kariakoo kwa mshahara wa laki tatu, bila mkataba. Mama yake anakaanga samaki anaowafuata Feri alfajiri. Muda huo huo mama anapotoka, kijana naye anatoka kukimbia, Rangi Tatu mpaka Zakhem na kurudi, kabla barabara haijajaa daladala. Hakuna aliyemwagiza.

Nilimuuliza kwa nini jeshi. Nilitarajia aniambie habari za ajira ya kudumu, kwa sababu ndilo jibu ninalopewa mara nyingi na wala si jibu baya. Yeye alinyamaza kidogo, akasema, "Mwalimu, pale Ruvu kulikuwa na afande mmoja. Akisema tunavuka mto, yeye ndiye wa kwanza kuingia majini. Tangu siku ile najua nataka kuwa mtu wa namna gani." Nimeshazungumza na vijana wengi wenye hamu ya kombati, na huyu nilimwamini. Nalisema hili mapema ili msomaji asidhani kazi iliyokuwa mbele yangu ni kumkatisha tamaa. Lengo lake lilikuwa zuri. Tatizo lilikuwa njia.

Njia ile ilitoka wapi? Chanzo kikubwa ni baba yake mdogo anayeishi Texas. Alimtumia ujumbe mrefu wa sauti WhatsApp, na kijana akanisikilizisha. Baba mdogo anasimulia habari za Mghana aliyekuwa akifanya naye kazi: mtu mzima, ana digrii ya kwao, akarudi chuo kikuu kusomea uuguzi, humo humo chuoni akajiunga na mafunzo ya jeshi, na siku ya mahafali akavishwa cheo cha Luteni Usu, ngazi ya kwanza ya uafisa. "Sasa wewe kijana una miaka 24 unakaa Kariakoo kuandika madaftari ya nini? Rudi chuo!"

Baba mdogo hakusema uongo. Marekani mambo yako hivyo, na inafaa tuyaeleze sawasawa ili tuone ni wapi yanapoachana na ya kwetu. Tangu sheria ya mwaka 1916, wenzetu wana mpango unaoitwa ROTC, ambao unaishi ndani ya vyuo vikuu vya kawaida. Mwanafunzi anasoma shahada yake, iwe uuguzi, historia au uhandisi, na pamoja nayo anachukua masomo ya kijeshi na mazoezi. Akihitimu anapewa kamisheni, yaani anakuwa afisa. Anayerudi chuo kuchukua shahada ya pili anaweza kuingia humo, mradi awe amebakiza angalau miaka miwili ya masomo, na ndiyo maana kule neno shahada ya pili linatajwa sana na watu waliochelewa kuamua kwenda jeshini. Lakini kuna masharti ambayo ujumbe ule wa sauti haukuyagusa. Kamisheni ni ya raia wa Marekani. Mwenye kibali cha ukaazi wa kudumu anaweza kuandikishwa askari, afisa hawezi kuwa. Mghana yule lazima alishapata uraia. Anayetaka ufadhili wa masomo kupitia ROTC anatakiwa awe chini ya miaka 31 mwishoni mwa mwaka anaopewa kamisheni. Na kubwa kuliko yote, Mmarekani ambaye tayari ana digrii halazimiki kurudi darasani hata kidogo. Kuna shule ya maafisa ya jeshi la nchi kavu pale Fort Benning, jimbo la Georgia, inayochukua wenye shahada zao tayari na kuwapika kwa wiki 12. Yule Mghana alirudi chuo kwa sababu alitaka uuguzi. Nyota ilifuata uuguzi.

Kwa hiyo hata huko ambako mfano ulitoka, digrii ya pili haikuwa ufunguo kama kijana alivyousikia.

Hapa kwetu chuo kikuu na jeshi ni nyumba mbili, kila moja na mlango wake. Ukienda Mlimani, DIT, Ardhi au Chuo cha Usafirishaji pale Mabibo, hutakuta kozi inayokutoa siku ya mahafali ukiwa afisa. Uafisa wa JWTZ unapitia Chuo cha Mafunzo ya Kijeshi Monduli, mkoani Arusha, au kwa wachache waliochaguliwa, vyuo vya kijeshi vya nchi rafiki. Huko maafisa wanafunzi wanapita kozi ya mwaka mmoja, au ile ya miaka mitatu inayoambatana na Shahada ya Sayansi ya Kijeshi, ambayo Monduli inaiendesha kwa kushirikiana na Chuo cha Uhasibu Arusha. Mwisho wake ni gwaride na kiapo, na Rais akiwa Amiri Jeshi Mkuu anawatunuku kamisheni. Wanatoka na cheo cha Luteni Usu. Lakini Monduli huombi kama unavyoomba CBE au IFM. Hakuna dirisha la udahili ambalo mama anaweza kulilipia kwa simu. Jeshi ndilo linalokuchagua na kukupeleka, na kabla ya hapo lazima likujue, maana yake uwe umeshaandikishwa na kupita mafunzo ya awali ya kuruta, kama yale ya Kihangaiko kule Msata.

Kijana alishtuka kidogo kusikia hili. Alikuwa na picha kwamba mhandisi anaingia moja kwa moja na nyota yake, kama mtu anavyoingia ofisini na CV. Nilimpa mfano anaoujua kila Mtanzania. Jakaya Kikwete alimaliza shahada ya uchumi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam 1975. Uchumi, si uhandisi. Akapita Monduli, akapewa kamisheni, baadaye akarudi pale pale kuwa mkufunzi mkuu wa siasa, na 1992, vyama vingi viliporejea na mtu akalazimika kuchagua kati ya siasa na jeshi, akastaafu akiwa Luteni Kanali. Nyakati zile chama na jeshi vilikuwa pamoja, kwa hiyo sikumwambia kijana kwamba na yeye atapita mle mle. Nilitaka aone jambo moja tu: aliyemfanya mchumi kuwa afisa ni Monduli. Digrii yake ya kwanza ilitosha.

Sasa tuje kwenye tangazo, kwa sababu ndilo lililomtia kijana wazimu wa uhandisi. Mwaka 2025 JWTZ lilitangaza nafasi za kuandikisha vijana kuanzia wenye elimu ya kidato cha nne hadi wenye elimu ya juu. Ndani yake kulikuwa na orodha ya taaluma adimu: madaktari bingwa wa fani mbalimbali, madaktari wa kawaida, wa meno, wa mifugo, wahandisi wa mitambo, wa meli na wa ndege, na mafundi wa aina kadhaa. Uhasibu haumo. Kijana aliisoma orodha ile, akakunja simu akaiweka mfukoni, hata maombi hakutuma. Kosa la msomaji wa haraka ni hilo, kutazama orodha na kuacha aya iliyo juu yake. Aya ile ya umri ilisema hivi kwa ufupi: wa kidato cha nne na sita wasizidi miaka 24, wa stashahada wasizidi 26, wa elimu ya juu wasizidi 27, na madaktari bingwa wasizidi 35.

Nilichukua karatasi, tukakaa mezani watatu, mimi, yeye na mama yake, tukapiga hesabu. Kijana amezaliwa Agosti 2000. Mwezi ule wa Julai ana 24, wiki chache baadaye anatimiza 25. Akianza uhandisi Oktoba 2025, ni miaka minne, anamaliza katikati ya 2029 akiwa anakaribia 29. Kikomo ni 27. Mama alidhani nimekosea, akaniomba nirudie. Nikarudia.

Halafu hesabu ikawa mbaya zaidi. Kuingia uhandisi unahitaji ufaulu wa kidato cha sita katika fizikia na hisabati, au stashahada ya ufundi inayokubalika. Yeye kasoma uchumi, biashara na uhasibu. Digrii aliyonayo haimfungulii mlango wa uhandisi hata kama ina GPA ya kupendeza, maana haina fizikia ndani yake. Angelazimika kutumia alama zake za kidato cha nne kuanza stashahada ya miaka mitatu, kisha ndiyo aje kwenye shahada ya miaka minne. Tunafika 2032. Angekuwa na miaka 31 au 32, ana digrii mbili na stashahada moja, na mlango umefungwa zamani. Kuna jirani alikuwa ameshauri achukue hiyo stashahada tu ya ufundi aende nayo. Atakuwa na 27 akielekea 28 siku anapoipata, na kikomo cha stashahada ni 26. Nalo likafa.

Mama akauliza, "Na udaktari je? Si hapo wameandika 35?" Swali la maana sana, na nilifurahi limetoka kwake. Tuliliandika nalo. Udaktari ni miaka mitano, mwaka mmoja wa mafunzo kwa vitendo hospitalini, kisha ubingwa wa miaka mitatu kwenda juu. Anayeanza 2025 angekuwa bingwa mwaka 2034 kwa mapema kabisa, akiwa na miaka 34. Kwa karatasi inaingia. Lakini mlango wa MUHAS unataka fizikia, kemia na baiolojia za kidato cha sita, na mtu anayekwenda kuchoma miaka tisa kwenye tiba inabidi apende wagonjwa kwanza. Kijana mwenyewe alitikisa kichwa kabla sijamaliza.

Na pesa? Mkopo wa Bodi kwa shahada nyingine ya kwanza hapati, alishanufaika. Ada ya uhandisi kwenye vyuo vya umma vya hapa mjini inazidi milioni moja kwa mwaka, achilia mbali nauli, chakula na vifaa, na bado deni la digrii ya kwanza linamsubiri. Siku atakayopata ajira rasmi, asilimia 15 ya mshahara wake inakwenda Bodi. Lakini pesa sikuikalia muda mrefu, kwa sababu hata angekuwa mtoto wa tajiri wa Masaki hesabu ya umri ingebaki vile vile.

Hapo ndipo msimamo wangu ulipo na nausema wazi. Kwa kijana wa Kitanzania mwenye digrii anayetaka kuwa afisa, kurudi kusoma shahada nyingine ya kwanza uraiani ni kuuza kitu cha thamani zaidi alichonacho, umri, kununua kitu ambacho tayari anacho, sifa ya elimu ya juu. Shahada ya pili ina nafasi yake, tena kubwa, lakini inakuja baada ya kombati. Ukishaandikishwa, ukichaguliwa kwenda Monduli kwa kozi ndefu, unatoka na Shahada ya Sayansi ya Kijeshi, na kwako wewe uliyekuja na uhasibu hiyo ndiyo shahada ya pili, kihalisi kabisa. Ukipanda, jeshi linaendelea kukusomesha: kuna Chuo cha Ukamanda na Unadhimu Duluti, na juu kabisa kuna Chuo cha Taifa cha Ulinzi hapa hapa Kunduchi, kilichofunguliwa 2012, ambako maafisa waandamizi na watumishi wakuu wa serikali wanasoma mikakati ya ulinzi na usalama. Mtu aliyeko ndani anasomeshwa huku anahesabiwa utumishi. Aliyeko nje anasoma huku saa inamwishia.

Kuna jambo lilinikera katika kisa hiki na siwezi kulipita. Kabla ya kuja kwangu, mama alishakutana na mtu mmoja mtaani anayejulikana kuwa "ana watu ndani". Huyu ndiye aliyepigilia msumari wazo la uhandisi. Alimwambia mama kijana akianza tu chuo cha uhandisi, akapata barua ya udahili, yeye atamwingiza kwenye "kundi la wahandisi" kwa milioni tatu, nusu kwanza. Mama alikuwa ameshatoa laki tano za kikoba. Kwenye simu yake alinionyesha ujumbe: salamu nyingi, dua nyingi, na namba ya kutumia pesa yenye jina la mtu mwingine kabisa. JWTZ huonya kila mara kuhusu matapeli wa ajira, na kuandikishwa jeshini hakulipiwi hata senti. Lakini mzazi mwenye uchungu na mtoto aliyekaa miaka mitatu na digrii, akiambiwa kuna njia, atauza hata jiko. Zile laki tano hazikurudi. Mama aliripoti polisi baada ya kusitasita sana. Alikuwa anaogopa kijana asije akawekwa alama mbaya. Nilimweleza kwamba kinachomharibia kijana ni kuendelea kulipa.

Na mjomba wa kijana, askari magereza mstaafu anayekaa Ukonga, alikuja na wazo lake: aingie Magereza kwanza, nafasi zikitoka, halafu "atahamia" jeshini. Nalo ni wazo linalosambaa. Masharti ya JWTZ ya 2025 yaliandika wazi kuwa mwombaji asiwe ametumikia Polisi, Magereza, Chuo cha Mafunzo (ndiyo magereza ya Zanzibar) wala KMKM, kikosi cha Zanzibar cha kuzuia magendo. Ukivaa sare ile, hii umeiaga. Nilimpigia mjomba mwenyewe, nikamwamkia, nikamsomea mstari ule neno kwa neno. Alikaa kimya, akasema, "Mwalimu, kumbe mambo yamebadilika." Akaacha.

Baada ya kuondoa yasiyowezekana, tukabaki na yanayowezekana, na hapo kazi ikawa ya karatasi. Nilimwambia alete bahasha yake. Kila kijana wa Dar anayo bahasha hiyo, ya kaki, imechakaa kwenye pembe, humo kuna maisha yake yote. Tulimwaga vyeti mezani. Cheti cha JKT kilikuwa chini kabisa, kimekunjwa mara nne, kona moja ina doa la maji ya mvua za Mbagala. Miaka sita hakukigusa, alikiona ni karatasi ya kumbukumbu tu, na kati ya vyote vile ndicho kinachoonyesha kwamba jeshi limeshamwona mara moja. Nilimwambia akinyooshe, akitie kwenye plastiki.

Kisha nikamwomba asome kwa sauti majina yake kwenye kila cheti, herufi kwa herufi. Cheti cha kuzaliwa: jina la babu lina "i" mwishoni. Cheti cha kidato cha nne: halina. Cha kidato cha sita: halina. Kitambulisho cha NIDA: lina. Cheti cha chuo: limefupishwa kuwa herufi moja na nukta. Kwa mwajiri wa Kariakoo hilo si kitu. Kwenye uhakiki wa jeshi, ambako vyeti halisi vinawekwa mezani kimoja kimoja, "i" hiyo inaweza kumtoa mtu kwenye mstari, na hakuna muda wa kukimbilia RITA, kwenye ofisi ya vyeti vya kuzaliwa, ukiwa umeshasimama pale. Tulitumia muda mrefu zaidi kwenye hiyo "i" kuliko kwenye ROTC, uhandisi na udaktari kwa pamoja, na naona ndiyo saa iliyokuwa na faida kubwa kuliko zote. Alianza na hati ya kiapo kwa wakili, akaenda kurekebisha kimoja baada ya kingine. Ni kazi ya kusubiri foleni na kurudi kesho, na ni ya kufanya kabla tangazo halijatoka, maana dirisha la maombi likifunguliwa hudumu wiki chache tu.

Suala gumu lililobaki halikuwa la karatasi. Lilikuwa la mama. Kwa kuwa uhasibu haumo kwenye taaluma adimu, kijana anaweza kuandikishwa pamoja na wenzake wa kidato cha nne na sita, akaanza kuruta, akatoka askari wa kawaida, na kuchaguliwa kwenda Monduli kukawa ni jambo la baadaye, la sifa zake, nidhamu yake na mahitaji ya jeshi mwaka huo. Hakuna wa kumhakikishia. Mama alisema, na sauti ilipanda kidogo, "Mwalimu, nimekaanga samaki miaka mingapi ili huyu apate digrii, leo aende akapige kwata na watoto wa form four, aamrishwe na mtu aliyeishia la saba?"

Sikutaka kumjibu haraka. Ni swali la haki. Wazazi wa mji huu wamenunua digrii kwa jasho na wamejengewa imani kwamba digrii ni ngazi. Kumwambia mzazi kwamba mwanawe ataanzia chini ya ngazi kunamuuma. Aliyejibu ni kijana. Alisema, "Mama, yule afande wa Ruvu aliyeingia majini wa kwanza, alikuwa sajenti. Hakuwa na digrii. Na mimi nilimfuata." Mama hakusema kitu. Mimi nilimwongezea jambo moja tu, kwamba afisa asiyewahi kuishi maisha ya kuruta anajua amri bila kujua uzito wake, na kwamba wengi wa maafisa wazuri wa jeshi hili walitoka kwenye safu.

Hilo nililisema kwa moyo wote, na bado nilimwambia kijana upande wa pili, akiwa peke yake: ajiulize kama ataridhika kuwa askari, kikweli, endapo Monduli haitakuja. Kama jibu ni hapana, asiende. Askari anayesubiri nyota kila siku na kudharau tepe alizonazo ni mzigo kwa kikosi na kwake mwenyewe. Alichukua wiki mbili kunijibu, na nilipenda kwamba alizichukua. Akaja akasema ataridhika.

Tulizungumzia pia JKT ya kujitolea. Ni miaka miwili, nafasi zake hutangazwa na kupitia mikoani na wilayani, na vyombo vya ulinzi huchukua vijana wengi kutoka humo. Wakati huo huo JKT yenyewe husema bayana kwamba haiahidi ajira. Kwa mtu wa miaka 20 ningemwambia nenda. Kwa mtu wa 25 miaka miwili ni karibu yote aliyobakiza, kwa hiyo tuliiweka kama njia ya pili, ya kuchukua ikiwa tangazo la JWTZ lenyewe litachelewa. Wapo wenzangu wenye kazi kama hii wanaoona nimekosea hapo, wanasema kambini ndiko anakoonekana. Hoja yao ina nguvu. Mimi nilipima umri na deni la Bodi nikabaki na msimamo wangu, na kijana aliamua akijua maoni yote mawili.

Nafasi ya digrii ya pili tuliijaza na kitu kingine: mitihani ya CPA, cheti cha taaluma ya uhasibu kinachotolewa na bodi ya wahasibu, NBAA. Mitihani yake iko Mei na Novemba, anasoma jioni baada ya duka kufungwa, analipia somo kwa somo badala ya ada ya mwaka mzima, na haimnyang'anyi hata siku moja ya umri kwa sababu anaweza kuiacha njiani akiitwa. Jeshi nalo lina bajeti, mishahara, bohari na wakaguzi; mhasibu mwenye CPA si mtu wa kutupwa popote alipo. Na asipoitwa, atakuwa amefika mbali kuliko kaunta ya Kariakoo. Mama alilipenda hili kuliko yote. Pesa iliyobaki kwenye kikoba ilikwenda kwenye usajili wa NBAA.

Tumekubaliana pia na tarehe. Masharti hutangazwa upya kila mara na yanaweza kubadilika, lakini tunahesabu kwa yale ya 2025, tena kwa ukali: siku anayotimiza miaka 27, Agosti 2027, faili la JWTZ linafungwa. Mpaka wakati huo kila tangazo likitoka analisoma lote kuanzia mstari wa kwanza, anaandika maombi na kuyawasilisha kama linavyoelekeza, hampi mtu yeyote pesa, na bahasha iko tayari. Baba mdogo alitumiwa maelezo haya kwa ujumbe wa sauti. Alijibu siku iliyofuata, akauliza ada ya mitihani ya CPA ni kiasi gani, na akatuma ya masomo mawili.